Alizeti ya Kaburini kwa Ndugu Yangu

Siku ile wageni wa matanga walipokwisha kuondoka na viti vya kukodi vikarudishwa, mama aliniita chumbani kwake akaniuliza kama kule alikozikwa ndugu yangu kunaota kitu.

"Kitu gani, mama?"

"Chochote. Majani. Au saruji tupu kama pale wanapoweka magari?"

Ndugu yangu alifia Marekani, moyo ulimsimama akiwa kazini, na walimzika huko huko kesho yake. Sisi hatukuwa na viza. Huku nyumbani Al-Hail, Maskati, tulimsalia sala ya ghaibu, tukakaa matanga bila jeneza, watu wakala wali wakanywa kahawa wakaenda zao. Mama hakumwona akifunikwa uso. Nilimwambia viza ikitoka nitakwenda nikaangalie, na nitakachokiona nitamwambia.

Viza ilitoka wakati mama mwenyewe alikwisha kuacha kuiulizia. Mimi sikusoma sana. Tulipotoka Unguja kuja Maskati nilikuwa mkubwa, sijui neno la Kiarabu, wakaniweka darasa moja na watoto wanaong'oka meno. Nikavumilia kidogo, kisha nikatoka, nikaingia duka la vipuri vya magari huko Hamriya, na humo nimezeekea. Ndugu yangu alikuwa mdogo, lugha ikamwingia, akasoma mpaka akafika huko. Kiingereza changu mimi ni cha maboksi ya vipuri. Basi huko uwanja wa ndege wa watu nilikuwa nimesimama kama mzigo mpaka mke wa marehemu alipokuja kunichukua.

Shemeji ni mtu wa huko huko. Kiswahili alifundishwa na ndugu yangu, anakisema polepole, kila neno analiweka chini kwanza kabla ya kuchukua jingine. Alinipeleka makaburini. Ni uwanja mdogo walioununua Waislamu wa mji ule, nyuma yake unaanza msitu. Makaburi ni ya udongo, kila moja na jiwe dogo. Na juu ya kaburi la ndugu yangu, na mengine yaliyo karibu na miti, kulikuwa na mabua membamba, marefu kunifikia kiunoni, mengi yameshakauka. Mawili matatu yalikuwa bado na maua ya manjano.

"Nani kayapanda?" nilimuuliza.

"Hakuna mtu. Hii inatoka msituni. Inatembea chini ya ardhi."

Alisema ni alizeti ya msituni, ya kwao ya asili, imekuwapo kabla ya wao wenyewe. Mimi alizeti niliyoijua ni ile kubwa ya mbegu za kutafuna, kichwa kama sinia. Hii ua lake ni dogo, ukilifumbata linaenea kiganjani, lina petali kama kumi zilizoachana na moyo wa manjano katikati. Majani hutoka mawili mawili, moja huku na moja kule, yameng'ang'ania bua lenyewe bila kikonyo, na jozi ya juu yake inageukia upande mwingine. Nilipolishika jani likanikwaruza kama msasa tunaosugulia plagi za gari. Bua lenyewe laini. Shemeji akaniambia mmea huu haupendi kubembelezwa. Unakaa chini ya miti, pahala pakavu, udongo usio na kitu. Baridi ikija unakufa wote juu, theluji inafunika, na mwaka ukirudi unatokeza tena kutoka kwenye mizizi, na kila mwaka unasogea mbele kidogo. Hivyo ndivyo ulivyomfikia ndugu yangu.

Nilikaa pale nikamsomea. Sikulia, mimi si mtu wa kulia mbele za watu, na shemeji alikuwa amesimama.

Nilipompigia mama simu nikamweleza niliyoyaona, alinirudisha mara mbili kwenye habari ya ua. Kisha akasema, "Basi nnataka kuliona hilo ua."

"Nitakupigia picha."

"Sitaki picha. Simu yako inanimurika tu, sioni kitu. Nnataka ua lenyewe, niliweke hapa mbele ya jicho. Na uniwahi."

Alisema nimuwahi kwa sababu ana presha ya macho. Daktari alishatwambia kwamba kilichopotea hakirudi, na yale matone anayotia asubuhi na jioni yanachelewesha tu. Jicho moja limekwisha kufa, na kwa la pili anaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba, na bomba lenyewe linazidi kuwa jembamba. Kitu akitaka kukiona lazima akilete mbele ya pua, akitafute. Sura yangu anaiona vipande, leo sikio, kesho kidevu.

Kulichuma ua na kupanda nalo ndege haiwezekani, litafika limekuwa majani ya chai. Shemeji akachukua kisu cha bustani, akachimba pembeni, akanikatia mzizi mweupe mrefu kama kidole, wenye vichipukizi. "Hii ndiyo rahisi," alisema. "Zika tu. Utapata nyingi mpaka utachoka." Akanipukusia na mbegu kutoka vichwa vilivyokauka, chache, maana ndege wadogo walikwisha kumtangulia. Mzizi akaufunga katika udongo wake, akautia katika mfuko wa plastiki, akanikabidhi.

Uwanja wa ndege wa Maskati kijana wa forodha aliuona ule mfuko kwenye mashine, akaniuliza ndani mna nini. Nikamwambia: mzizi wa mmea na udongo wa kaburini kwa ndugu yangu. Na mbegu.

Alinitazama. Akampigia mkubwa wake simu. Akarudi, sauti ameipunguza. "Ammi, Mungu amrehemu ndugu yako. Udongo na mzizi haviingii. Hizi mbegu kidogo chukua."

Hakukosea. Alifanya kazi yake, na alikuwa na adabu. Lakini nilitoka pale mikono mitupu nikiwa na bahasha ya mbegu zisizojaa kijiko, na mke wangu alinianza tangu kwenye gari.

"Nani kakwambia utaje kaburi?"

"Kaniuliza."

"Kakuuliza mna nini. Ungesema dawa ya tumbo. Ungesema tangawizi."

"Si tangawizi."

"Bwana we, mtu anakufungulia mlango na wewe unaufunga mwenyewe kisha unalalamika kumefungwa!"

Njia nzima kutoka uwanja wa ndege mpaka Al-Hail nilikuwa nafikiri kwamba ningekuwa na mzizi, kazi ingekuwa imekwisha.

Nilizipanda mbegu vile tunavyopanda kila kitu huku. Nilinunua vyungu, udongo mzuri, samadi ya mbuzi, nikaviweka chini ya mkunazi uani, nikamwagia asubuhi na jioni. Ilikuwa baridi yetu imeanza, ule wakati tunaotoa fulana za mikono mirefu na kuambiana hali ya hewa imebadilika. Nikaona huu ndio wenyewe. Sikuzipanda zote, nilibakisha.

Kila asubuhi mama aliuliza, "Limetoka?"

"Bado."

"Basi umezika mbegu au umezika mawe?"

Anayemsaidia mama ni mama mmoja wa Kikenya, anatoka upande wa ziwa huko kwao. Yeye naye alikuja akasimama juu ya vyungu, mikono kiunoni. "Mzee, hii si ni maua tu ya njano? Kwetu zimejaa kando ya barabara. Hata mbuzi hazitaki."

"Si hayo. Ni jamii nyingine."

"Sawa, Mzee. Lakini yetu inaota."

Nikampigia shemeji. Alinisikiliza mpaka mwisho kisha akauliza mbegu nilizitia baridi muda gani. Baridi gani? Akanieleza kwamba mbegu hizi hazioti mpaka zipitiwe na kipupwe, mwezi na nusu, hata miwili, zikiwa na unyevu. Bila ya hivyo zinakaa tu. Zinangoja, hazijui kama mwaka umepita.

"Mbona hukuniambia?"

"Samahani, shemeji. Hapa baridi inakuja yenyewe. Sikufikiri kwenu haiji."

Sikuweza kumkasirikia. Nilizikasirikia mbegu. Nilichimbua vyungu nikachakura udongo kwa vidole, nisipate hata moja. Ama zilioza kwa maji yangu, ama mchwa walizila.

Nilizobakisha nikazigawa mafungu mawili, hilo la pili nikalifungia kabatini. La kwanza nililitengeneza kama alivyonielekeza. Nilichukua mchanga wa pwani yetu, nikauosha chumvi mpaka maji yakawa matamu, nikauacha na unyevu kidogo. Kwa kuwa mbegu ni ndogo na nyeusi na zingepotea mchangani, nilizifunga kwanza katika kipande cha kitambaa cheupe cha bafta nilichokikuta ndani, nikapiga fundo. Nikatia yote katika bakuli la halwa lenye mfuniko, nikalisukuma nyuma kabisa ya friji, nyuma ya chupa za achari. Mke wangu nilimwambia, na yule Mkenya nilimwambia. Mama alikuwa ananiuliza "Zimepata baridi?" badala ya "Limetoka?" Nafuu kidogo.

Nilimsahau mama mdogo.

Mama mdogo ni mdogo wake mama, tumbo moja. Anakaa Hamriya, ghorofani juu ya maduka, na kila Ijumaa anakuja kwetu kula. Ni mtu wa kusaidia. Akifika anafua visivyofuliwa, anapanga vilivyopangwa. Ijumaa moja, mimi nikiwa msikitini, alitafuta achari.

Niliporudi siku hiyo sikuona kitu. Niliona kesho yake, bakuli la halwa limeoshwa, limepinduliwa juu ya sinki linang'ara. Nikafungua friji. Nikaondoa achari zote. Yule Mkenya alikuwa anakatia mama papai, akaanza kujitetea kabla sijauliza.

"Mzee, mimi sikugusa. Nilimwambia hiyo ni shamba ya Mzee. Akaniambia ati ninyamaze, mimi sijui mambo."

Nikampigia mama mdogo.

"Alaa, umeshajua," alisema. Sauti yake ilikuwa na furaha. "Nilitaka nikwambie mwenyewe uso kwa uso. Wewe mtoto, mshukuru Mungu nilitaka achari." Mimi nakaribia sitini, bado ananiita mtoto. "Nyumba yenu mmewekewa kitu. Ndani ya friji! Kimefungwa ndani ya sanda, ndani ya mchanga wa kaburi."

"Mama mdogo, ile ni mbegu."

"Mbegu?"

"Mbegu za lile ua. Na mchanga ni wa hapa pwani."

"Mbegu inafungwa bafta? Inapigwa fundo? Nimempelekea shekhe akaifungua mbele yangu. Alitoka jasho!"

"Shekhe alitoka jasho kwa kuwa kiyoyozi chake kibovu, nilikuwa kwake juzi."

"Mchezee shekhe, utaona."

"Ziko wapi?"

"Zishasomewa. Zikatiwa chumvi ya mawe. Nikachukua teksi mpaka Qurum, nikazitupa baharini mwenyewe kwa mkono wangu, na sikugeuka nyuma. Na teksi nimelipa mimi."

Nilikata simu kabla sijasema neno ambalo lisingefutika. Nikakaa juu ya kile kigoda cha jikoni. Mtu mwingine angecheka, najua, na mimi huenda nitacheka siku moja, lakini siku ile niliona zile mbegu zimetoka upande wa pili wa dunia, zimevuka forodha, zikaenda kuzama Qurum. Mama alisikia yote kutoka chumbani. Alichosema ni, "Mwambie asije Ijumaa." Ijumaa ilipofika mama mdogo akaja, na mama akamsogezea mto.

Fungu la pili nililitia katika bakuli lile lile, nikaandika juu ya mfuniko kwa wino mweusi, Kiarabu na Kiswahili: MBEGU, SI SIHIRI. Bafta nikaitupa, nikatumia kipande cha soksi. Zikakaa humo mpaka baridi yetu ikaisha, na mimi kila nikifungua friji nachungulia. Nilipozitoa na kuzipanda zilichipua tatu.

Nilimwita mama uani. Nikamshika kidole nikakiweka juu ya kijani. Alikuwa na furaha akasema nimpe kigoda akae hapo hapo. Furaha yenyewe ndiyo iliyoua mche wa kwanza. Kumbe kila asubuhi alikuwa anapapasa mpaka kwenye chungu na kukimiminia zamzam, ile ya kwenye kidumu walichomletea mahujaji, na anasoma. Mmea huu ni wa pakavu. Nilipogundua, bua limelegea chini kama utambi. Ningemwambia nini? Nilimwambia ukweli, kwamba maji yamezidi. Alikasirika akasema zamzam haijapata kuua kitu.

Mche wa pili uliondolewa kivulini siku ya kufagia uani, ukasahauliwa juani mchana mmoja tu. Kwetu mchana mmoja unatosha. Wa tatu nikauhamishia chumbani kwa mama, karibu na dirisha, kwenye kiyoyozi, na nikaapa mtu yeyote asiuguse ila mimi. Ukarefuka. Jozi ya majani, jozi nyingine juu yake imegeuka upande, kama nilivyoiona kule. Mpaka ikawa Juni, nje hata kunguru wanatweta, na mle ndani mmea umesimama umefika urefu wa mkono wangu. Nilimpigia shemeji nikamuuliza ua litatoka lini.

"Umezipanda kwa mbegu," alisema. "Mwaka wa kwanza inafanya mizizi. Ua labda mwakani. Labda."

"Hakuna njia ya kuuhimiza?"

"Hapana, shemeji. Ingekuwa mzizi, ingekuwa mwaka huu."

Hilo la mzizi hakulisema kwa ubaya, yeye hakujua forodha walivyouchukua. Nilimwambia nimeupoteza, basi. Sijui kama alisikia nilivyokuwa nimekasirika, na nilikuwa sijui hasira hiyo niiweke kwa nani.

Nilikwenda nikamwambia mama. Alikuwa amekaa kitandani, mkono wake uko juu ya jani, analisugua kwa kidole gumba.

"Mwakani," alisema.

"Inshallah."

"Mwakani n'takuwa naona nini mimi?"

Wiki hiyo hiyo tulikuwa tumetoka kwa daktari wa macho. Alikuwa amebadilisha matone, na alikuwa amezungumza na mimi nje, mlangoni. Mama si mjinga, alijua mtu hazungumzwi nje mlangoni kwa habari njema.

Rafiki yangu mmoja wa dukani alinishauri niupeleke mmea Jabal Akhdhar, kule mlimani kuna baridi ya kweli, huenda ukadhani uko kwao. Nikamweleza mama. Akasema, "Ukiupeleka huko na mimi nipeleke, unizike nao." Kwa hiyo haukwenda.

Tangu hapo nyumba nzima ikawa na wazo moja, na walilisema kila mtu kwa njia yake. Mke wangu alilisema kwa upole, tukiwa wawili jikoni. Maua madogo ya manjano yamejaa madukani. Mama anaona kwa jicho moja, tena kipande. Atajuaje? Atafurahi, amalize, roho yake itulie. "Si uwongo wa kumdhuru mtu," alisema. Yule Mkenya naye alisema, "Mzee, wewe mpe tu. Mungu anaelewa." Mama mdogo hakusema kwa upole. Alisema mimi ni mgumu kama shoka, na kwamba mtu anayemnyima mama yake furaha kwa sababu ya jani atakwenda kuulizwa.

Nilikataa. Sikukataa kwa sababu mimi ni mwema. Nilikwisha kumwambia mama kwamba nitakachokiona nitamwambia, na kile nilichokiona ni ua jingine. Ningempa la dukani akalisifu, ningekaa naye vipi chumba kimoja? Angeniuliza "Ndilo hili lililo juu yake?" nami niseme ndilo? Yeye alikuwa anataka kitu kilichomgusa mwanawe. La dukani limeguswa na muuza duka.

Ijumaa iliyofuata nilikuja kutoka msikitini nikasikia sauti ya mama tangu mlangoni, ananiita kwa nguvu, sauti ambayo sijaisikia tangu matanga.

"Njoo! Njoo uone! Limetoka!"

Nikaingia na viatu. Mama alikuwa amekaa wima, kanga imemdondoka mabegani, ua la manjano liko mbele ya pua yake, analizungusha, analitafuta kwa kile kitundu cha jicho, analipata, linampotea, analipata tena. Mama mdogo amesimama nyuma yake. Alinikazia macho, akatikisa kichwa mara moja, taratibu. Mke wangu alikuwa anaangalia chini. Mmea wetu uko pale dirishani kama nilivyouacha alfajiri, majani matupu, bila hata kitumba cha ua.

"Dada yako kalikuta leo asubuhi," mama mdogo aliniambia, na hapo alibabaika, kwa sababu mimi sina dada. "Yaani mimi. Nimelikuta mimi."

"Zuri," alisema mama. "Kumbe zuri hivi. Njoo, mwanangu. Ndivyo lilivyokuwa? Ndilo hili lililo juu yake?"

Aliniuliza lile lile. Neno kwa neno nililolihofia. Nilisimama pale, na nasema kweli, nilifungua mdomo niseme ndilo. Nililitaka. Uso wake ulikuwa umefunguka. Mama mdogo midomo yake ilikuwa inanisemea, *ndilo, ndilo*.

"Silo, mama," nilisema. "Letu bado. Hilo la dukani."

Mama mdogo alipiga ukelele. "Laana gani hii!"

Mama hakupiga ukelele. Aliliteremsha ua mapajani. Akaangalia pale nilipo, pembeni yangu kidogo, maana hakuwa ameipata sura yangu.

"Ungeninyamazia," alisema.

"Umeniuliza, mama."

"Nimekuuliza. Wewe ungeninyamazia."

Mama mdogo alichukua buibui lake akaondoka bila kula, na alipopita karibu yangu alisema, "Haya, umeridhika?" Sikuwa nimeridhika. Sijaridhika mpaka leo ninapoandika haya. Nimeshaligeuza lile jambo kila upande, kwenye gari, kitandani, na kila upande nikiligeuza namwona mama anateremsha ua mapajani. Ningenyamaza nisingemwona hivyo. Na ningenyamaza nisingeweza kuingia tena chumbani mle kuumwagia mmea maji.

Siku mbili hakuzungumza na mimi ila kwa mambo ya dawa. Ua aliloliteremsha mapajani nilidhani litaishia kwenye taka, lakini alimwambia yule Mkenya alitie kwenye glasi ya maji na aliweke juu ya meza ya kitanda, upande wa jicho linaloona. Maua ya dukani yana ukaidi, likakaa.

Wakaja jamaa zetu kumjulia hali, mume na mke, watu wa Unguja kama sisi. Nilikuwa nimekaa pembeni nawamiminia kahawa. Yule mke akaliona ua, akajua habari zake, kwa kuwa mama mdogo hawezi kunyamaza. Akasema kwa sauti ya kumfurahisha mgonjwa, "Mashallah, bibi, ndilo lile la kutoka kwa mwanao?"

Mama aliunyoosha mkono wake kuelekea kwenye glasi, akaikosa, akaipata.

"Hili la dukani," alimwambia. "La mwanangu ule pale dirishani, majani matupu. Huyu kashindwa kulitoa ua mwaka mzima, na kazi yake kunikatalia tu. Mtie kahawa mgeni, we, unangoja nini?"